Nafasi ya Kipkorir

Mwezi wa kumi ukifika katikati, mvua ya Eldoret huanza kunyesha kivivu. Hapo ndipo Mabonga alipokuwa anatoa kamera kwenye sanduku la bati na kuipangusa kwa kitambaa cha flana, polepole, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Nikiona kitambaa hicho nilijua msimu wetu umeingia. Ungetupeleka mpaka Krismasi, mjini na mashambani, na mimi ningebeba stendi ya miguu mitatu begani mpaka vidole vife ganzi.

Mabonga alikuwa jirani yetu katika mtaa wa Huruma. Mlango wake na wetu ilitazamana, na kamba ya nguo katikati. Nilipomaliza darasa la nane na ikawa wazi kwamba sitaendelea, mama yangu alimwomba anipe kitu cha kufanya. Mabonga aliniangalia, akaniuliza ninaweza kukaa kimya kwa muda gani. Sikumjibu. Akacheka, akasema basi nimeshapita mtihani.

Siku hizo kila mtu alikuwa tayari ana kamera kwenye simu, na wapiga picha wengi wa mjini walikuwa wameacha, wengine wakaanza kuuza viatu. Lakini mwisho wa mwaka watu walikuwa bado wanataka picha ya karatasi, ile ya kutundika ukutani ukiingia sebuleni. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, mahindi yamekauka, watu wa Nairobi wanarudi. Na mwanga pia. Mvua imeosha hewa na vumbi la Januari bado. Saa kumi jioni jua linakuwa rangi ya chai iliyopata maziwa vizuri, linaangukia mtu upande mmoja wa uso na kumfanya aonekane ana mambo mengi moyoni, hata kama anawaza tu chakula.

Tulianza na mjini. Jumapili tulisimama chini ya mijakaranda, maua yake ya zambarau yamemwagika kwenye lami, tukingoja watu watoke kanisani. Tulikwenda daraja la Sosiani asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Mabonga alipenda ukungu. Mimi nilipenda kumsikiliza akipanga watu. Kuna kijana wa boda boda alikataa kutoa miwani ya jua, Mabonga akamwambia sawa, lakini mama yako akipata hii picha ataipeleka kwa mchungaji iombewe. Miwani ikatoka.

Kabla ya kupiga picha ya familia yoyote alikuwa na swali moja. Watu wakishajipanga, wamenyoosha kola, wamepangusa watoto kamasi, yeye anainua kichwa kutoka kwa kamera na kuuliza, "Nani hayupo?"

Mara ya kwanza nilidhani anataka tungoje mtu. Sivyo. Wakisema baba yuko zamu kiwandani, au dada ameolewa Kitale, Mabonga anauliza angesimama wapi kama angekuwepo, halafu anawaambia waache hapo wazi, upana wa mtu mmoja. Wengine walicheka. Wengi walifanya, na wakishafanya nyuso zao zinatulia. Aliniambia alianza hivyo zamani, enzi za filamu, baada ya kubana familia moja ya Huruma bega kwa bega ili waingie vizuri. Baba yao alikuwa safarini na lori. Aliporudi aliishika ile picha akawa anatafuta mahali ambapo angesimama, akakosa. Hakugomba. Ila Mabonga alisema ule uso hakuusahau.

*

Baada ya mjini tulikwenda Moiben. Huko wanavuna Novemba. Wanakata mahindi na kuyasimamisha shambani kwa matita, mabua yameegemeana kama hema ndogo, yakauke kabla ya kupukuchuliwa. Ukiyaona asubuhi na umande, shamba zima limejaa hema za watu ambao hawapo. Familia zilipenda kupigwa picha mbele ya matita, kwa sababu hapo mwaka wote unaonekana.

Boma tulilolipenda lilikuwa la Mzee Johnstone na mke wake, Mama Kipkorir. Mzee alikuwa na utani mkavu. Akituona getini anaita kuku kwa sauti ya juu na kuwaambia wajifiche, Mbukusu mla kuku amefika. Mabonga naye anamjibu kwamba amekuja na gunia. Jina langu ni Seline, lakini Mzee aliniita Chepkamera, kama msichana aliyezaliwa kwao. Mama alinipa mursik, maziwa yao ya mgando yenye masizi, kwenye kikombe kikubwa na kunikazia macho mpaka nimalize. Mwaka wa kwanza nilifumba macho. Mwaka wa pili niliomba kingine.

Watoto wao walikuwa Kipkorir kifungua mimba, halafu Chelimo, halafu Felix aliyekuwa bado wa shule. Kipkorir mwenyewe nilimwona msimu mmoja tu. Alikuwa mrefu, mwenye meno mazuri, na alinipokea stendi bila kuulizwa. Kwenye picha alisimama mkono wa kushoto wa baba yake, kati yake na Chelimo.

Mwaka uliofuata hakuwepo. Alikuwa amekwenda Uarabuni kuendesha gari. Chelimo ndiye aliyeniambia, tukiosha vikombe, kwamba Mzee hakutaka. Walikuwa wamegombana mpaka majirani wakasikia, na Kipkorir alipobeba begi Mzee alimwambia akitoka hilo geti asimtafute. Alitoka. Akawa anampigia simu mama yake tu. Kisha simu zikapungua, kisha namba ikawa haipatikani. Waliuliza kwa wakala, waliuliza kwa watu waliorudi. Mmoja alisema alimwona, mwingine akasema amehama mji. Basi.

Mabonga alipouliza swali lake mwaka huo, Mama alijibu kabla hajamaliza. "Kipkorir. Muache hapo pake."

Wakaacha. Na kila msimu baada ya hapo ikawa hivyo. Mama anamtaja, nafasi inaachwa, na Mzee ananung'unika. Yeye hakulitaja lile jina tena. Akilazimika alisema "yule." Wakishajipanga alikuwa anawaambia sogeeni, sogeeni, mnaacha mlango wazi ng'ombe watapita. Hakuna aliyesogea. Hata yeye hakusogea. Mama alizitundika hizo picha sebuleni kwa mstari, juu ya kochi, na ukizitazama kuanzia kushoto unamwona Felix akirefuka, Chelimo akinenepa mashavu na kukonda tena, matita nyuma yakiwa mengi mwaka huu na machache mwaka ule, na kati ya Mzee na Chelimo ile nafasi, haibadiliki.

Mama aliniambia siku moja, akinionyesha kwa kidevu, kwamba akiingia asubuhi kufungua pazia anamsalimia hapo. Alisema kawaida tu, kama mtu anayekwambia anapoweka chumvi.

*

Macho ya Mabonga yalianza kuziba polepole. Nilijua kabla yeye hajaniambia, kwa sababu alianza kuniuliza kama ukungu umeisha wakati siku hiyo hakukuwa na ukungu. Kwa misimu miwili mimi ndiye niliyekuwa nikitazama kwenye kamera, yeye akipanga watu kwa sauti zao. Halafu mwanawe alikuja kutoka Kimilili kumchukua. Siku aliyoondoka Huruma alinikabidhi sanduku la bati na kitambaa cha flana ndani. Hakutoa hotuba. Alisema lenzi haipendi unyevu, na Moiben wananingoja.

Kwa hiyo mwaka jana nilikwenda peke yangu. Nilipofika getini Mzee Johnstone aliangalia nyuma yangu, akaniuliza yule mla kuku yuko wapi. Nilimweleza. Aling'oa bua moja la nyasi, akalitupa. Akasema basi mwaka huu kuku watanenepa bure.

Niliwapanga mbele ya matita, jua likiwa upande wao wa kulia. Nikauliza, "Nani hayupo?" Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini Mama alijibu kama siku zote, wakaacha nafasi, Mzee akanung'unika kuhusu ng'ombe wake wa kupita mlangoni. Nilipiga mara kadhaa. Nilipokuwa nimeinama kwenye kamera niliona tena kitu ambacho nilikuwa nimekiona misimu mingine nikakinyamazia, kwa kuwa kazi yetu ni kuona na kunyamaza. Mkono wa kulia wa Mzee ulikuwa umelala kwenye paja, umenyooka kama wa askari. Wa kushoto ulikuwa umetoka nje kidogo, kiwiko kimekunjwa, vidole vimefunguka. Ndivyo unavyomshika mtu kiwiko mkivuka barabara. Mdomo wake ulikuwa unasema sogeeni, na mkono ulikuwa umeshika nafasi.

Nilirudi mjini nikaipeleka kadi ya kamera kwa Lennox. Lennox ana studio ndogo ya kuprinti karibu na stendi ya mabasi, kijana msafi, anapenda kazi yake. Zamani Mabonga mwenyewe ndiye aliyekuwa akikaa naye mpaka picha zitoke, huku akimsimulia mambo ya filamu. Siku hiyo mimi nilikuwa na harusi ya kupiga, na Chelimo, ambaye sasa anafanya kazi kwenye duka la dawa mjini, aliniambia atapita achukue za kwao aende nazo nyumbani Jumamosi. Nikaona vizuri, zitafika mapema.

Jumatatu asubuhi Chelimo alinipigia. Alikuwa anaongea chini chini. Aliniuliza kama ni baba yake aliyeniomba nifanye vile.

Nikamuuliza nifanye nini.

"Mmetufunga," akasema. "Kipkorir hayupo tena. Tumesimama tumebanana. Mimi nilidhani ni baba amekuambia, si unajua vile husema. Nikaona nisiulize. Sasa mama ameiona. Tangu juzi haongei naye. Anamwekea chakula mezani anatoka."

Nilikwenda kwa Lennox hapo hapo, kwa miguu, sikuona hata nilipovukia barabara. Alinifungulia picha kwenye kompyuta kwa furaha. Kweli, alikuwa amewasogeza. Kazi ilikuwa safi, huwezi kuona mshono. Bega la Mzee limegusana na bega la Chelimo, matita nyuma yamepangwa upya. Lennox akaniambia maze, rafiki yangu, kulikuwa na nafasi mbaya hapo katikati, kama jino limetoka, akaamua kunisaidia. Hata hakunidai chochote kwa hiyo kazi.

Nilimwambia ile nafasi ilikuwa ya mtu.

Alinitazama. Aliangalia picha, akanitazama tena. Nikamweleza yote, swali la Mabonga, Kipkorir, mstari wa picha juu ya kochi. Akavua kofia. Alitafuta picha ya mwanzo kila mahali kwenye ile kompyuta, akafungua hata takataka, lakini alikuwa amenakili ile moja nzuri tu, akahifadhi mpya juu ya ya zamani, na kadi yangu ameisafisha kama anavyowasafishia wateja wote ili waitumie tena. Alikuwa karibu kulia. Sikuweza kumkasirikia. Yeye alifundishwa kwamba picha nzuri haina shimo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia aulize.

*

Nilifika Moiben jua likiwa juu. Ukungu ulikuwa umeondoka na upepo wa Desemba umeanza, ule mkavu unaopiga mabati. Shambani hapakuwa na tita hata moja. Mashine ilikuwa imepita wiki hiyo, mahindi yamepukuchuliwa, mabua yamerundikwa kando ya boma kwa ajili ya ng'ombe. Njiani nilikuwa nimejiambia nitapiga nyingine, sasa niliona hata pa kuwasimamisha hapapo.

Mama Kipkorir alikuwa sebuleni. Picha mpya ilikuwa mezani, imelala kifudifudi. Juu ya kochi zile nyingine zilikuwa mahali pake, na mwishoni mwa mstari msumari mtupu. Alinikaribisha, akaniletea mursik, akakaa. Hakunikazia macho nimalize. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nilianza kueleza. Nilimwambia ni studio, ni kijana aliyedhani anasaidia, na kwamba Mzee hakuniomba kitu. Nilimwambia picha ya mwanzo imepotea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo si yeye," akasema.

"Si yeye, Mama."

"Mimi nimemwambia maneno mabaya." Akasugua viganja. "Nilimwambia alimfukuza hapa kwa geti, na sasa amemfukuza hata kwa ukuta. Na yeye hakujibu. Mtu akinyamaza hivyo si unajua ni ukweli?"

Mlango ulikuwa wazi, na Mzee alikuwa nje, kwenye kigogo anachokalia akinoa panga. Nilisikia jiwe la kunolea limesimama. Aliingia, akavua kofia, akaenda moja kwa moja mezani. Akaigeuza ile picha. Nadhani alikuwa hajaitazama vizuri, alikuwa ametazama tu uso wa mke wake. Sasa aliisogeza dirishani, akaileta karibu na macho, akaipeleka mbali.

"Chepkamera," akasema. "Mkono wangu uko wapi?"

Mama akamwuliza mkono gani.

Mzee hakuinua macho. Alikuwa anapitisha kidole mahali bega lake lilipogusana na la Chelimo. Kwa kuwasogeza, Lennox alikuwa ameukata ule mkono wa kushoto kwenye kiwiko na kuupoteza nyuma ya gauni la Chelimo.

Mimi ni mtu wa kunyamaza, na Mabonga alinichukua kwa sababu hiyo. Lakini nilimwona Mama bado anangoja jibu, na Mzee hatalitoa hata akikaa hapo mpaka ng'ombe warudi. Nilisimama nikaenda kwenye kochi, nikaomba ruhusa nikalipanda na soksi. Nikaweka kidole kwenye picha ya kwanza ya mstari, ile ya mwaka Kipkorir alipoondoka. Nikamwambia Mama asitazame nafasi. Atazame pembeni yake.

Alikuja akasimama chini yangu. Niliupeleka mkono kwenye picha ya pili, ya tatu, mpaka kwenye msumari. Katika kila picha kofia ya Mzee ilikuwa tofauti, koti lilikuwa limechakaa zaidi, uso umekazwa uleule. Na katika kila picha ule mkono wa kushoto ulikuwa nje, kiwiko kimekunjwa, vidole vimefunguka, umeshika hewa kwa urefu wa kiwiko cha kijana mrefu.

Mama alizirudia peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila kidole changu. Alikuwa amezisalimia hizo picha kila asubuhi miaka hiyo yote. Alikuwa anatazama mahali mwanawe angesimama, na hakuwahi kutazama aliyesimama karibu naye.

"Wewe mwanaume," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Si ungesema tu."

Mzee alirudisha kofia kichwani. Alisema mashine imeacha mabua mazuri huko kando, ng'ombe hawajayaharibu. Akatoka.

Nilimfuata mlangoni. Alikuwa anavuta mabua kutoka kwa rundo la ng'ombe, anachagua marefu, anayabeba kifuani mpaka katikati ya shamba tupu. Felix alitoka jikoni akamsaidia bila kuulizwa, kisha Mama naye, leso imefungwa kiunoni. Walisimamisha tita moja. Upepo ukaliangusha. Wakalisimamisha tena, Mzee akalifunga shingo kwa kamba ya katani. Shamba zima lilikuwa jeupe limekatwa, na tita moja limesimama katikati kama mgeni aliyechelewa harusi. Mama alisema majirani watadhani wamerukwa na akili. Mzee akasema majirani hawana tita.

Tulimngoja Chelimo atoke mjini. Jua lilipofika pale ninapolipenda, alikuwa ameshafika, amevaa gauni lile lile. Walijipanga wenyewe. Niliweka stendi, nikafuta lenzi kwa kitambaa cha flana, nikainama. Kila kitu kilikuwa tayari. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

"Leo hujauliza," Mzee akasema.

Ni kweli. Nilidhani hakuna haja, wote tunajua. Nikainua kichwa kama Mabonga, nikauliza, "Nani hayupo?"

Mama alifungua mdomo kwa mazoea. Halafu akaufunga, akatazama mbele.

Upepo ulipita kwenye lile tita, mabua yakasuguana. Mzee Johnstone alikohoa. "Kipkorir," akasema. Sauti ilitoka na kutu, kama geti ambalo halijafunguliwa siku nyingi. Akarudia, safari hii kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. "Kipkorir. Asimame hapa kwangu."

Akatoa mkono. Hakuuficha kwa kunung'unika, na habari za ng'ombe hakuzitaja. Chelimo alisogea upande, akampa kaka yake nafasi zaidi ya kawaida, na nikaona kupitia kamera kwamba macho ya Mama hayakuwa kwenye nafasi. Yalikuwa kwenye ule mkono. Sikumwambia atazame mbele.

Nilikuwa nataka kupiga Mama aliposema, "Na Mabonga."

Felix alicheka, akamwuliza sasa Mabonga asimame wapi, huku mbele hakuwahi kusimama hata siku moja. Mama alifikiria. Akasema huyo hukaa upande ule wa kamera, karibu na Seline, na kama amekuja basi mtu akaangalie kuku.

Wote wakacheka, hata Mzee. Mwanga ulikuwa unateremka kwa kasi ya Desemba, ukiwapaka upande wa kulia. Niliinama tena kwenye kamera. Halafu nikasogea kushoto kidogo, upana wa mtu mmoja, nikapiga.